Namba ya Shangazi Mumbua

Harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi ya makaa hunirudisha Matiliku, kwenye kibaraza ambako shangazi yangu Mumbua, dada mkubwa wa baba, alishona sare za shule. Mchana wa kiangazi haukuwa na haraka pale. Cherehani iliimba, ikanyamaza, ikaimba tena, nami nikasinzia juu ya sare ambazo sikutaka kuzivaa.

Nilikuwa darasa la tano na nilikuwa nimekataa shule. Mwalimu wa hesabu alinisimamisha ubaoni nigawanye namba, nikashindwa, darasa zima likacheka. Siku ya tatu ya mgomo wangu baba alichoka, akanipeleka kwa dada yake. "Basi ajifunze kushona," alisema.

Shangazi hakunipa sindano. Alitandaza kitambaa cha bluu mezani, akaandika kwa chaki ya fundi: 142857.

"Zidisha kwa mbili."

"Shangazi, mimi hesabu siwezi."

"Kwani nimekuuliza kama unaweza? Zidisha tu, Mwende. Polepole."

Nilipata 285714. Nikakodoa macho. Tarakimu zilikuwa zilezile, zimefuatana vilevile, ila moja na nne zilitoka mbele zikaenda kukaa nyuma. Kwa tatu: 428571. Kwa nne, tano, sita, zilizidi kuzunguka kama wasichana walioshikana mikono wakicheza. Nikazidisha kwa saba huku nacheka. Nikapata 999999.

"Zimeenda wapi?" nikauliza, machozi yakinilenga.

"Zimejificha. Hebu gawanya moja kwa saba."

Nikagawanya, mimi niliyekimbia shule kwa sababu ya kugawanya. Baada ya nukta zikaanza kutoka, moja, nne, mbili, nane, tano, saba, halafu moja tena, nne tena. Tuliandika hadi kitambaa kikaisha, zenyewe hazijaisha. Jumatatu nilirudi shule.

Miaka mingi baadaye, nikisomea ualimu Kitui, niliikuta namba hiyo kitabuni. Likizo ilipofika nilimkimbilia.

"Shangazi, ile namba yako inajulikana dunia nzima!"

Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio la cherehani. "Kumbe na wengine wanayo?"

Ndipo aliponieleza. Alipokuwa darasa la sita aliambiwa agawanye moja kwa saba, akaendelea kugawanya akingoja mwisho, mpaka daftari likajaa. Hakuna aliyemwonyesha, aliona mwenyewe jinsi zinavyojirudia, kisha akaanza kuzizidisha. Mwaka huohuo aliachishwa shule ili baba yangu asome.

"Nilidhani ni yangu," akasema. Akacheka kidogo, akaendelea na pindo la sketi.

Utotoni niliamini kwamba ulikuwa mchezo wa kunibembeleza. Sikujua kwamba alinigawia kitu pekee alichotoka nacho shuleni. Siku hizi nafundisha, na kila mwaka naiandika namba hiyo ubaoni. Wanafunzi wakiuliza nani aliigundua, huwaambia ni Mumbua, fundi wa nguo wa Matiliku, na sioni kama ninawadanganya.