Utepe wa Ukindu

Jana sokoni Mpanda harufu ya ukindu uliolowekwa ilinipata, nikajikuta nimeinama.

Akina mama wa kwetu walijenga karakana ya mikeka kwa kujitolea. Sisi watoto tulisomba maji ya kufyatulia matofali. Utepe wa kuifungulia ulikosekana dukani, Bibi akasuka wa ukindu, akaufunga mlangoni usawa wa kifua. Mgeni rasmi alikata mpaka jasho likamtoka. Mtu akaleta panga.

“Nyie,” Bibi akasema, “kazi ya siku tatu mnaikata ili iweje? Piteni chini.”

Mgeni rasmi akarudisha mkasi kwenye sinia, akavua kofia, akainama, akapita.

Utepe ukabaki hapohapo. Watoto tulipita wima, lakini hakuna mtu mzima aliyeingia mle bila kumwinamia Bibi.