Chungu cha Wifi Yangu Rolande

Kwa miaka arobaini na moja nilimwambia kila mwenye masikio hapa Bohérimont, kaskazini mwa Ufaransa, kwamba wifi yangu Rolande ni mchafu. Wala sikunong'ona. Nilisema kwa mwoka mikate, nilisema kanisani kabla padri hajatoka, na nilimwambia mwenyewe usoni, maana mimi siwezi kumsengenya mtu halafu nikamchekea. Uchafu wenyewe ulikuwa mmoja tu. Nyumba yake iling'aa, mashuka yake yalinukia sabuni, na mdogo wangu Achille hakuwahi kutoka nje na shati lenye kikunyanzi. Ila chungu chake cha chuma, ndani, kilikuwa na rangi ya chai.

Kwingine hilo si neno. Sisi hapa tunaishi kwa vyungu. Kiwanda cha kuyeyusha chuma ndicho kilichomlisha baba yetu, kikatulisha na sisi. Achille alimimina chuma cha moto kwenye kalibu za mchanga mpaka mgongo ukakataa. Mimi Marcelline nilikaa miaka thelathini na mitatu katika chumba cha ukaguzi, taa mkononi, nikichungulia ndani ya vyungu vilivyotoka kuchomewa enameli, ule upako wa kioo unaokifanya chuma kiwe cheupe ndani na cha rangi nje. Nikiona doa la ukubwa wa kichwa cha pini, nakirudisha. Mfanyakazi akioa, kiwanda kilimpa chungu kimoja kikubwa, na mke wake alihukumiwa kwa hicho mpaka siku ya kuzikwa. Kila Septemba, siku moja kabla ya sikukuu ya mji, wanawake huchemsha vyungu vyao kwa magadi ya kufulia, huvisugua kwa kitambaa laini mpaka viwe vyeupe pe, na huviweka madirishani bila vifuniko vikauke. Halafu kila mtu anapita mtaani akijifanya ana safari.

Rolande naye aliweka chake dirishani, cha kijani kilichokolea. Alikiweka kimefunikwa.

"Wifi, mbona umekifunika?" nilimwuliza mwaka ule wa kwanza, sauti juu, majirani wasikie.

"Kina haya, wifi. Kimesikia unapita."

"Si ungekisugua tu? Magadi ninayo, nikuletee."

"Ya nini? Nakiosha kila siku. Huo si uchafu, kinafanya kazi yake."

"Kazi! Hebu sikieni jamani. Mke wa Achille anafuga kutu, anasema kazi."

"Kutu iko kwenye ulimi wako, wifi. Ukaupake mafuta."

Watu walicheka, na hawakuwa upande wangu. Nilirudi nyumbani nimevimba.

Rolande hakuwa wa hapa. Alizaliwa ndani ya tishari, lile jahazi bapa la mizigo. Wazazi wake walibeba makaa na ngano kwenye mfereji mkubwa wa majahazi, kutoka Ubelgiji kushuka mpaka Paris, na watoto saba walikulia kwenye chumba cha nyuma chenye jiko moja na chungu kimoja. Mizani hawakuwa nayo. Achille alimpata wakati tishari lao lilipokwama kwenye barafu karibu na daraja letu wiki tatu, na barafu ilipoyeyuka tishari likaondoka, yeye akabaki. Mama alisema hatamaliza mwaka. Mimi nilisema miezi sita.

Jumapili baada ya misa nilikula kwao, kwa sababu sikuolewa, na kumpikia mtu mmoja kunachosha. Chakula cha Jumapili kilikuwa nyama ya bia. Alianza na rundo la vitunguu, moto mdogo, mpaka vishuke na viwe vitamu vyenyewe. Kisha nyama ya ng'ombe, kisha bia nyeusi, kisha vipande vya ule mkate wetu wa asali na viungo, vimepakwa haradali na kulazwa juu kifudifudi mpaka viyeyukie mchuzini. Akifunika, moto ulikuwa mdogo kiasi kwamba lazima uiname ndiyo uuone. Na chungu alikitunza, lazima niseme. Hakukiweka motoni kikiwa kitupu. Hakukitia maji baridi kikiwa bado cha moto, kosa ambalo limepasua enameli ya nusu ya mabibi harusi wa mtaa huu. Alikoroga kwa mwiko wa mti tu, na ukingo wa juu, ambao enameli haiufikii vizuri, aliupaka mafuta kila alipokikausha. Jicho langu la ukaguzi liliyaona yote hayo, na mdomo wangu haukuyasema.

"Chachu kidogo leo, wifi," nilikuwa nasema.

"Chachu?"

"Kidogo tu. Inalika."

Kisha nafuta sahani kwa mkate mpaka yale maua yaliyochorwa chini yanaonekana, na naongezwa tena. Nyumbani kwangu kwenyewe sikuwahi kuipika, kwa sababu nilijua isingekuwa ile.

Alikufa mwezi wa Februari. Mapafu, siku nane tu. Aliomba azikwe kwa watu wake kule karibu na mpaka, kwenye makaburi yanayoonekana kutoka mferejini. Achille alibaki huko siku nne kwa shemeji zake, mimi nikatangulia kurudi nimtengenezee nyumba. Sikuwa na nia mbaya, naapa. Nilifua, nikapiga pasi, nikakunja nguo za marehemu. Kisha nikafungua kabati la chini na kukitoa chungu.

Ndani kilikuwa na rangi ile ile ya chai, na ukutani mwake kulikuwa na mistari ya kahawia iliyozunguka, mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Nikasema, maskini wifi yangu, sasa hakuna atakayekucheka. Nilikijaza maji na magadi, nikakipasha polepole, nikakiacha kipoe chenyewe, nikamwaga, nikarudia. Siku tatu nilifanya hivyo. Mstari wa chini uligoma, nikaukalia kwa kitambaa na magadi makavu mpaka vidole vikachubuka. Siku ya nne kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kiwandani. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikalia kwa kuridhika. Niliona nimemfanyia jambo jema kuliko yote niliyowahi kumfanyia.

Achille alifika alasiri, amekonda. Alikula supu yangu, kisha akasema Jumapili atapika nyama ya bia.

"Wewe? Utaweza wapi?"

"Alinielekeza kabla hajapelekwa hospitali. Rahisi, dada. Unajaza vitunguu, vikishuka mpaka mstari wa kwanza unatia nyama. Bia mpaka wa pili. Maji mpaka wa tatu, unafunika, basi. Yeye alikuwa hapimi chochote, mistari ndiyo ilikuwa inampimia. Mama yake naye hivyo hivyo."

Aliinuka akafungua kabati. Nilitaka kumzuia, sijui ili nimwambie nini. Aliinua kifuniko, akakaa nacho mkononi.

"Dada."

"Nilitaka ukikute safi."

Alipitisha kidole ndani, kuzunguka ukuta wote, polepole. "Palikuwa hapa," alisema. "Au hapa. Hapa, nadhani." Kisha akarudisha kifuniko kwa uangalifu, kisigonge.

"Alitia chupa ngapi za bia?" nilimwuliza. "Tukijua chupa tumemaliza kazi."

"Chupa zipi? Ilikuwa inatoka kwenye pipa la binamu yake. Anakinga kwenye jagi, anamimina, anaangalia, anaacha."

Hakunigombeza. Ningefurahi sana angenigombeza.

Basi tukaanza kuitafuta ladha ile. Kuanzia Machi, kila Jumapili nilikwenda na aproni yangu. Binamu mwenye pipa alishakufa, tukajaribu bia za maduka mawili ya hapa na moja ya mji wa jirani, Guise. Tulijaribu kilo mbili za vitunguu, tukajaribu tatu. Achille, aliyemwaga chuma cha moto maisha yake yote, hakujua hata kuwasha jiko kiungwana. Siku moja alikiweka chungu kitupu juu ya moto mkubwa akaenda kutafuta miwani. Siku nyingine alikitoa kwenye moto moja kwa moja akakipeleka bombani.

"Wee! Unataka kukipasua?"

"Samahani, bosi. Nilisahau uko zamu."

Tulicheka siku hiyo, mara ya kwanza tangu Februari. Kisha tukaketi, akaonja, akaweka kijiko chini.

"Siyo," alisema.

Alikuwa akisema kwa upole kila mara. Siyo, bia imezidi. Siyo, haradali imekaa mbele. Mwezi wa Agosti alisema tumekaribia, na mimi nikarudi nyumbani nikiimba njia nzima. Nilitaka kumrudishia kitu hicho kimoja. Nilikuwa na miaka sabini na minne na sikuwa nikitaka kitu kingine chochote duniani.

Septemba, siku ya kuanika vyungu, chake tulikiacha kabatini.

Jumapili moja ya Novemba niliipika peke yangu, yeye amekaa dirishani. Vitunguu vilishuka vizuri. Bia niliimimina kwa jagi, nikaangalia, nikaacha pale mkono uliposema niache. Ilipoiva nilimpakulia, nikasimama nyuma ya kiti chake. Alikula kijiko kimoja, akala cha pili. Kisha akasukuma sahani mbele.

"Basi, dada. Tuache."

"Tuache nini? Tumekaribia! Mwenyewe umesema."

"Hapo ndipo penye shida. Zamani nikifumba macho, mchuzi wake ulikuwa unakuja wenyewe mdomoni. Sasa hivi nautafuta, unakuja wako. Wa Jumapili iliyopita, wa ile iliyotangulia. Michuzi yako inakaa juu ya wake." Alijifuta mdomo. "Hii ya leo pengine ndiyo yenyewe. Sijui. Hata ingekuwa ndiyo, nisingejua."

Nikaketi mbele yake. Nilikuwa nimemwondolea Rolande mara ya kwanza kwa magadi, na sasa nilikuwa namwondolea mabaki yake kwa kijiko, Jumapili baada ya Jumapili, nikiimba njiani. Niliangalia sahani yake. Nikachovya mkate, nikaonja.

"Siyo," nilisema.

Aliinua macho. "Umejuaje?"

"Naikumbuka."

"Wewe?"

"Naikumbuka yote, Achille."

"Si ulikuwa unasema chachu?"

"Nilikuwa nasema." Nilisukuma sahani pembeni. "Haikuwa chachu hata kidogo. Kwanza inakuja tamu ya vitunguu, hapa mbele, kwenye ncha ya ulimi. Unadhani imekwisha, ndiyo bia inafuata, ule uchungu wake kidogo, huku pembeni karibu na masikio. Haradali huionji mdomoni, unaisikia puani, tena ukishameza. Nyama hutafuni, unaiweka tu inaachia yenyewe. Na mwisho kabisa ule mkate wa asali, ile karafuu yake, inabaki hapa kooni mpaka unapokunywa kahawa. Nilikuwa nachelewesha kahawa makusudi."

Alikuwa amefumba macho. Koo lake lilipanda likashuka.

"Sema tena," alisema. "Anzia vitunguu."

Nikaanzia vitunguu. Mara hii nilikuwa naionja kweli, na nilimlilia wifi yangu. Nilimkumbuka na mwiko wake na majibu yake ya haraka, nilitamani apite hapo mlangoni anitukane ulimi wangu. Nilipofika kwenye karafuu niliishia hapo.

"Alipokuwa hai, kila Jumapili nikikusindikiza mpaka getini," alisema Achille, macho bado yamefumbwa, "nikirudi namkuta amekaa hapo ulipokaa. Vyombo hata hajavigusa. Ananiuliza, 'Vipi, Marcelline kasemaje huko nje? Chakula kakipenda?'"

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini, dada? Huko nje hukuwahi kusema kitu."