Mafuta ya Nazi Kwenye Magurudumu

Kila kikifika kipupwe, harufu ya mafuta ya nazi hunikera. Nasema hunikera kwa adabu tu; ukweli ni kwamba hunitia huzuni, na mimi si mtu wa kupenda kuhuzunishwa na chupa. Mama yetu aliyapika mwenyewe: alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga, kisha akayatia katika chupa ya sharubati aliyoiosha vizuri. Mchana yalikuwa maangavu, unaona upande wa pili. Lakini asubuhi za Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma na watu wa Unguja wakijifunika shuka mbili na kudai wanakufa kwa baridi, chupa ile ilikuwa nyeupe tangu shingoni mpaka kitakoni. Mama aliisimamisha kwanza katika bakuli la maji ya moto, ndipo akatupaka nywele. Kila mtoto wa nyumba yetu alijua kwamba mafuta ya nazi huganda. Na mimi nilijua.

Tulikaa Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe ya babu yetu, yenye ua wa ndani uliozungukwa na kuta za ghorofa mbili. Jua liliufikia ua ule adhuhuri tu, likakaa kidogo kama mgeni mwenye safari, likaondoka. Sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa miaka mingi hata ikawa laini kama sahani. Hapo ndipo dada yangu Zuwena alipojifunza kuteleza kwa viatu vya magurudumu, yeye akiwa na miaka kumi na mbili na mimi tisa. Viatu vililetwa na Shangazi Nunu, dada yake Baba, aliyeolewa Maskati. Vilikuwa jozi moja, vyeupe, kila kiatu na magurudumu manne, na vilimtosha Zuwena. Mimi vilinipwaya hata nikivaa soksi tatu. Pamoja na viatu, Shangazi alileta kanda ya video ya ukumbi wa barafu wa huko kwao, wasichana wakizunguka juu ya sakafu nyeupe wala hawaanguki. Sisi barafu tuliyoijua ni ile ya mapande ya sokoni Darajani, inayopondwa na kumwagiwa samaki. Zuwena aliitazama kanda ile mpaka ikaanza kukwaruza. Siku ya kuondoka, Shangazi alimshika kidevu akamwambia, "Mwakani nkija nkakuta unajua kugeuka, nakuchukua ukae na mie likizo nzima. Utateleza juu ya barafu mpaka uchoke mwenyewe." Baba naye akatia lake: "Ageuke mbele yangu mimi, asianguke. Sipeleki mtoto kwa watu akanitie aibu." Ilikuwa nafasi moja tu, na sote tulilijua hilo, maana baada ya mwaka ule Zuwena angekuwa mwari, na mwari kwa Baba hakuwa mtu wa kuteleza popote.

Kugeuka kwenyewe si kuzunguka ovyo kama pia. Unakwenda mbele kwa mguu mmoja, na bila ya kuuweka chini mguu wa pili, unajikuta unakwenda kinyumenyume. Zuwena hakuwa na mwalimu ila maumivu. Masika yote alianguka, nyonga zikawa na rangi ya zambarau, na kila akianguka alikaa pale pale chini akifikiri kwanza amekosea wapi, ndipo alie. Aligundua kwanza kwamba alikuwa akitazama miguu, na kichwa kikiinama mwili wote hukifuata. Basi akanisimamisha ukutani anitazame mimi. Halafu akagundua kwamba alikuwa akiugeuza mguu kabla ya mwili, na mwili ukabaki nyuma. Akajifunga kanga kiunoni, ncha nikaishika mimi, ili asikie kiungo kipi kinavuta mwanzo. Lazima bega litangulie, kiuno kifuate, mguu uje mwisho. Goti likunjwe kabla, na wakati wa kugeuka ajiinue kidogo ili magurudumu yapungukiwe uzito. Tulichora duara kwa mkaa, tukaimba "Bega, kiuno, mguu" mchana kutwa, mpaka Mama akapiga kelele jikoni, "Laiti mngedurusu juzuu hivyo, mngeshahitimu!" Kufika Juni aligeuka mara tisa katika kumi. Ile ya kumi bega lilichelewa kidogo, akayumba. Alilichukia bega lile la kushoto kama mtu anavyomchukia jirani mbaya.

Kazi yangu mimi ilikuwa mafuta. Kichochoroni kwetu alikuwako fundi cherehani, mzee wa Kihindi mpole tuliyemwita Bwana Jivan, aliyenipa mafuta ya cherehani katika kizibo cha soda, nami nikayatia tone moja moja kwenye kila gurudumu. "Mafuta ya cherehani tu," Zuwena alinionya tangu mwanzo, "mengine yanaziba." Alhamisi, siku moja kabla ya Shangazi kufika, nilitumwa alasiri. Njiani nikawakuta wenzangu wanacheza mdako barazani, nikakaa mara moja, na mara moja ya mtoto mnaijua. Nilipofika kwa Bwana Jivan, mlango umeshafungwa. Ningerudi nikasema ukweli ningegombezwa kidogo, basi. Badala yake nikaingia jikoni nikaichukua chupa ya Mama. Mafuta ni mafuta, nikajiambia, na kwa ukarimu wa mwenye kosa nikayamimina mengi. Magurudumu yalizunguka kimya kuliko siku zote. Zuwena aligeuka mara tano mfululizo, akaja akanibusu kwenye paji la uso. "Leo umevitia vizuri, mdogo wangu," akasema. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi imechukua miaka zaidi ya ishirini.

Shangazi alifika Ijumaa asubuhi, mabegi yakiwa bado mlangoni. "Shikamoo Shangazi," tukasema, na "Marahaba" yake haijakwisha kinywani alishauliza, "Haya, yuwapi mgeukaji wangu?" Baba alivuta kiti uani. Kulikuwa na baridi, sakafu unaisikia mpaka kwenye mifupa. Mama akanituma jikoni nilete birika la chai, na pale dirishani nikaiona chupa. Ilikuwa nyeupe. Nilisimama mbele yake nikaelewa kila kitu, kitu kimoja baada ya kingine, kama mtu anayesomewa hukumu. Nilirudi uani na birika, Zuwena ameshafunga kamba. Akajisukuma hatua mbili, akanikaribia, akaninong'oneza, "Mbona vizito leo?" Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Baba alikuwa ananitazama, Shangazi ananitazama, na sitaki kuuficha uchafu wote: kulikuwa na kipande cha moyo wangu ambacho hakikutaka aende Maskati aniache peke yangu. Nikamjibu, "Woga huo."

Aliniamini. Akavuta pumzi, akazunguka ua mara moja kwa nguvu, akaja na mguu wa kushoto, uso ukiwa kwangu kama tulivyozoea. Bega likatangulia. Nililiona kwa macho yangu, lilitangulia kwa wakati wake, na kiuno kikalifuata. Mguu ndio uliogoma. Magurudumu yalisita, mwili ulikwishakwenda, na Zuwena akapigwa sakafuni, mkono ukiwa chini yake. Kilio chake kilipanda mpaka ghorofa ya pili. Mama alikimbia na kanga, Shangazi akawa anasema, "Maskini, bado mdogo, bado mdogo," na Baba akasema tu, "Basi. Vivuliwe."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka, kikapona. Kilichoniua mimi ni adhuhuri ya siku ile. Baba aliporudi kutoka kuswali Ijumaa, jua lilikuwa limeshaingia uani na viatu viko juani. Kwa haki yake, kwani Baba alikuwa mtu wa haki, alichutama akaliviringisha gurudumu moja kwa kidole, kisha la pili, yote manane. Yalizunguka kama upepo, mafuta yameshayeyuka. "Viatu havina ubaya," akasema. Na Zuwena, mkono umefungwa kitambaa, akajibu mwenyewe, "Najua, Baba. Ni bega langu lilichelewa." Shangazi aliondoka bila yake. Viatu vikapelekwa kwa binamu zetu wa Jang'ombe, na mwaka uliofuata hakuna aliyetaja barafu. Nilimwona dada yangu akibadilika kidogo kidogo. Alifaulu kwenda chuo, akaahirisha mpaka nafasi ikapita. Alianza kushona, akaacha kitambaa kikiwa nusu. Akiulizwa alicheka na kusema, "Mie mambo ya mwisho hunishinda, tangu utotoni." Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume; wangu alikuja siku ile ile, akahamia kabisa.

Nyumba ile imeuzwa, sasa ni hoteli, na kwenye ua wetu wamechimba kidimbwi cha wageni kuogea. Jioni napita Michenzani nikawaona watoto wanateleza na viatu vyenye taa, wanajifunza kugeuka kwa simu, na anayeanguka hujirekodi akacheka akarudia. Wana nafasi elfu za kujaribu. Nawafurahia, kisha naona uchungu, maana sisi tulikuwa na jozi moja, na asubuhi moja.

Wiki iliyopita nilikwenda Mpendae kwa Zuwena. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, binti yake Raya katikati ya magoti, anamsuka. Kipande cha mafuta meupe kilikuwa kiganjani mwake kikiyeyuka. Raya ana miaka minane, na baba yake amemnunulia viatu vya magurudumu. "Mama, si unifundishe kugeuka," akasema. Zuwena akamjibu bila ya uchungu, kama mtu anayetaja urefu wake: "Mie sijui, mwanangu. Sikuwahi kuweza. Nna bega zito."

Nikasema yote. Mdako, mlango uliofungwa, jikoni, chupa nyeupe dirishani, na lile neno langu, woga huo. Nilitegemea anifukuze, au alie, au acheke anisamehe kwa kuwa tumeshakuwa watu wazima. Hakufanya lolote katika hayo. Mikono yake ilisimama juu ya kichwa cha mtoto, na mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kifundo, kile kile kilichoteguka. Nilimwomba radhi. Nafikiri hakunisikia.

"Kwa hivyo," akasema, na hakuwa akisema na mimi, "nlikuwa nageuka sawasawa."

Halafu akamwinamisha Raya kichwa, akaendelea kusuka.