Mwanamke Aliyemwomba Mtoto Wangu Moto

Nitaandika vile ilivyokuwa, na asiyetaka kuamini afunge hii karatasi aende zake. Mimi si mtu wa kutunga. Kusoma nilijifunza nikiwa na watoto wanne, kwa masomo ya jioni pale kanisani Ruiru, na mwalimu wetu alituambia, andika kile umeona. Hii niliona. Sikuwa nimelala, kwa sababu nilikuwa natembea, naimba, na ilikuwa saa moja na kitu tu ya jioni. Sasa nani analala akiimba sauti ya pili?

Sisi wa shamba la kahawa, kati ya Ruiru na Thika, Krismasi yetu haianzi na chapati, hata kama watoto wanadhani hivyo. Inaanza na taa. Wiki nzima tunakusanya mikebe mitupu, tunaitoboa na msumari mpaka matundu yanafanya nyota, halafu ndani tunasimamisha kipande cha mshumaa. Tunafunga matawi ya msaiprasi milangoni. Watoto wanakata makaratasi wanafanya minyororo, wanaigundisha na uji. Na jioni ya kuamkia Krismasi, sisi akina mama wa kanisa tunatembea laini kwa laini, yaani zile safu za nyumba za wafanyakazi, tukiimba. Kila nyumba tukiiimbia inaweka taa mlangoni. Mpaka ukisimama juu kule kwa kiwanda cha kahawa, unaona bonde lote linameremeta. Mimi napenda hiyo kuliko nyama.

Na tuna sheria yetu. Kiberiti hakitumiki. Moto unatoka kwa taa moja ya kanisa, kila mtu anawasha kwa mwenzake. Yako ikizimwa na upepo, unaomba. Mimi ndiye niliwafundisha watoto: leo hakuna kunyima mtu moto, hata kama huyo mtu hapendi mama yako. Shika hapo, kwa sababu hapo ndipo nilikosea.

Mwaka huo ulikuwa wa kwanza baada ya kafyu, ile amri ya serikali ya kutotoka nje usiku, kuondolewa. Miaka mingi tuliimba ndani, mlango umefungwa, tukinong'ona kama wezi. Mume wangu, Baba Njoki, alikuwa bado hajarudi kutoka kizuizini. Kwa hivyo nyapara aliposema, "Imbeni, lakini saa mbili kila mtu awe ndani," nilisema kwa roho, leo hata mawe ya mto Theta yatatusikia.

Nilibeba taa yangu ya chemni, ile ya kioo. Mtoto wangu Njoki, wa miaka minane, alibeba mkebe wake wa nyota. Rafiki yangu Mama Kariuki alibeba karing'aring'a, ile duara ya chuma tunagonga kufuata wimbo. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amesema hicho chuma ni cha densi, hakifai mbele ya Mungu. Mama Kariuki akamjibu, "Mzee, hata hiyo miguu yako ni ya densi, na unakuja nayo kanisani."

Tukamaliza laini ya juu, tukamaliza ya kati. Kwenda laini ya chini ni njia nyembamba katikati ya kahawa, inapita karibu na mto. Njoki alikuwa nyuma yangu. Nikasikia sauti ya mwanamke, ya upole kabisa, ikisema, "Kasichana, nipe moto."

Sikugeuka. Kwa nini nigeuke? Mtu ameomba moto, mtoto atampa. Nilimsikia Njoki akijibu, "Chukua, mami."

Halafu wimbo ukatoboka. Unajua vile unasikia mtu mmoja akitoka kwa wimbo? Njoki ndiye alikuwa anatubebea sauti ya juu, na haikuwepo. Ndio nikageuka.

Mkebe ulikuwa umezimika. Njoki amefungua mdomo, anaimba kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo inasimama, na hakuna kitu kinatoka. Nilimshika mkono, ukawa baridi kama maji ya mto asubuhi. Nikaweka moto wangu kwa mshumaa wake mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mshumaa mkavu, mzuri, haukushika.

Kando yetu alisimama mwanamke wa leso nyeupe, koroboi mkononi. Niamini hapa, hata kama huniamini kwingine: koroboi yake ilikuwa inawaka, lakini haikuangaza kitu. Upepo ulikuwa unalaza mioto yetu yote, wake umesimama wima. Moto niliuona. Vidole vilivyoushika sikuviona. Hata uso wake niliuona kwa taa yangu, si kwa yake.

Nikamwuliza vile mtu anauliza mtu, "Mama, nyumba yako ni gani?"

Akaonyesha mtoni. Kule hakuna nyumba. Ni matope na matete.

Mama Kariuki akanivuta gauni. "Mama Njoki, twende. Huyo si mtu."

Wengine walikuwa tayari wanapuliza taa zao, puu, puu, ili wasiombwe. Mmoja akaniambia, "Beba mtoto, maombi utafanya nyumbani." Na yule mwanamke akaanza kushuka, hana haraka. Kila hatua aliyopiga, Njoki alizidi kuwa mzito kwa mkono wangu, kama mtoto anayeshikwa na usingizi. Akaniangukia. Nikaelewa. Akifika kwa maji na huo moto, mtoto wangu sina.

Wewe mama unayesoma, ungefanya nini? Ungeenda nyumbani ukande unga?

Nilimpa Mama Kariuki mtoto. "Gonga chuma," nikamwambia. "Usiache."

"Nigonge na mtoto ameanguka? Una wazimu wewe?"

"Gonga!"

"Ngai, huyu mwanamke!" Lakini akagonga.

Nikashuka peke yangu nikiimba ule wimbo tulitunga sisi wenyewe, wa wachungaji wa kondoo. Sauti ilitoka mbaya, nakubali. Nikampita yule mwanamke kupitia katikati ya kahawa, nikasimama mbele yake.

"Uliomba moto, ukapewa," nikasema. "Mtoto rudisha."

Akatabasamu. "Si mlisema leo hamnyimi mtu?"

"Moto hatunyimi. Mtoto sikukupa."

Akanitazama. Halafu akasema polepole, kama jirani anayekutakia mema, "Basi zima yako. Zima taa, nyamaza, na wenzako wanyamaze. Mtoto nitakupa."

Nitasema ukweli, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa. Niliinama kuipuliza. Mtoto ni mtoto. Pumzi ilikuwa tayari mdomoni. Ndipo nikafikiria ile miaka yote tulinong'ona. Nani aliwahi kuturudishia kitu kwa sababu tumenyamaza? Baba Njoki alirudishwa?

"Sizimi," nikamwambia. "Kwa jina la Yesu sizimi, na sinyamazi."

Nikang'oa chemni na mkono mtupu, nikaitupa. Nikamshika pale gizani palipokuwa na mkono wake, nikavuta ile koroboi mpaka utambi wake ukagusa wangu. Moto wake ulipita juu ya vidole vyangu. Haukuchoma. Ulikuwa baridi, ile baridi ya kuuma mpaka kwa mfupa. Na alikuwa na nguvu, aki! Nilivuta vile unavuta ndama ng'ombe akishindwa kuzaa. Mioto miwili ikawa mmoja, taa yangu ikaruka juu, na kule nyuma nikasikia, "Maitu!" Ndivyo watoto wetu huita mama.

Nilipotazama tena, nilikuwa nimeshika hewa. Kwa matope hakukuwa na alama ya mguu ila yangu.

Na tulienda laini ya chini. Ndiyo, tulienda! Wenzangu walitaka kurudi. Nikawaambia waliozima waje wawashe kwangu, kuna watu wamesimama milangoni wanatungoja tangu jua lizame. Tuliimba vibaya kuliko siku zote, na saa mbili kila mtu alikuwa ndani.

Sasa miaka mitatu imepita. Vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia havisikii moto. Nageuza chapati navyo juu ya chuma, wageni wanashangilia. Mimi sishangilii. Baba Njoki aliporudi aliniuliza, nikamwambia yote, hajauliza tena. Njoki anasoma Thika, na sauti yake ni ya kusimamisha watu njiani. Lakini kila jioni ya kuamkia Krismasi, tukiingia ile njia ya kahawa, sauti inampotea. Inarudi tukifika nyumba ya kwanza ya laini ya chini. Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka jana tulimwona yule mwanamke tena, ng'ambo ya mto, koroboi yake imezimika, amenyoosha mkono. Njoki hakukimbia. Aliinua mkebe wake juu, huyo mwanamke auone vizuri, na tukapita, sisi tukimwimbia Njoki sehemu yake.

Watu wamesema mengi. Mzee wa kanisa anasema Mkristo haoni vitu kama hivyo. Nyapara anasema tupite barabara kubwa. Majirani wanasema tuache hizi taa kabisa, tuimbe ndani. Ndani tena? Aca, hapana.

Wewe ukitembea na taa yako jioni hiyo, na mtu akuombe moto, mpe. Lakini geuka kwanza umtazame, umwulize nyumba yake, na usimwachie mtoto ajibu peke yake. Na akikuambia uzime yako ndio akurudishie chako, anadanganya. Usizime.