Siku Mkono wa Chuma Ulipomwamkia Bibi

Naona haya mpaka leo kusimulia hili, lakini kwa kuwa kiwandani wameshalieneza, bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Tunasaga na kufungasha viungo hapa Morogoro mjini, na mwaka jana tuliletewa mkono wa chuma wa kubebea trei, na kwenye kompyuta kuna pacha wake wa picha tu, yaani ukivaa ile miwani mikubwa (unafanana na nzi, usijidanganye) unamwona pacha mbele yako, unamfundisha kwa mikono yako, na ukiridhika unamuunganisha na mkono wenyewe, basi nao unafuata kila unachofanya. Siku hiyo meneja alikuwa ananipima: nikifaulu nakabidhiwa mkono, nikishindwa narudi kushona magunia. Nami kwa kiherehere nikamwalika Bibi, aliyenilea kule Kinole, aje aone mjukuu wake alipofika.

Meneja aliniambia nianze na pacha peke yake. Laiti ningemsikia. Nikawaza, Bibi hana miwani, huyo pacha atamwona wapi? Nikaunganisha kimyakimya.

Mambo yalikwenda vizuri, trei ya pilipili manga iliyosagwa iko juu, mara nikasikia Bibi anakohoa mlangoni nyuma yangu. Jamani, mimi kikohozi kile nakijua tangu utotoni, nikikisikia tu magoti yanajikunja yenyewe. Nikageuka, nikapiga goti, mikono chini, "Shikamoo Bibi," na mkono wa chuma, mtiifu kuliko mimi, nao ukageuka, ukainama mpaka karibu na sakafu, ukamwaga trei nzima.

Ukumbi mzima chafya. Meneja chafya, fundi chafya, mimi chafya ndani ya miwani (msiulize ilikuwaje). Bibi peke yake, pale mlangoni nyuma ya mstari wa njano wa usalama, kaziba pua kwa kanga, akautazama ule mkono ulioinama, akauambia taratibu, "Marahaba, mwanangu. Wewe umelelewa."

Nilishona magunia miezi miwili kabla ya kupimwa tena, na safari hii nilifaulu. Siku hizi siunganishi kitu bila amri, na mtu mzima akiingia navua miwani kwanza, ndipo naamkia.

Nampenda sana Bibi yangu, lakini nikipanda Kinole nikamwamkia, ananiitikia harakaharaka, kisha ananiuliza, "Na yule mwenzako mwenye adabu, hajambo?"