Siku Mguu Wangu Ulipotokea Darini

Haya, leo naweza kucheka, lakini kwa miaka mingi mtu akitaja tu nyumba za kale za Waingereza mimi nilikuwa natafuta kisingizio cha kutoka nje, kwa aibu.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, nakaa Thamesmead, London, nataka kumuoa Zuhura wa Rayners Lane, na wazazi wake wakasema kabla ya kupokea posa twende matembezi wanione nilivyo. Baba yake, Mzee Khamis, akachagua nyumba moja ya mkulima wa zamani pembezoni mwa London, ya boriti na fito, imekandikwa udongo na kuezekwa nyasi, Waingereza wameitunza kama yai na kuiona unalipa kiingilio (kwetu Pemba nyumba kama hiyo tunaibomoa, tunaweka bati, halafu tunapiga picha).

Mlangoni bibi mmoja wa Kizungu akataka kututembeza. Nikamwambia asante, hatuhitaji, maana nilishajitangaza kwa Mzee Khamis kuwa ni mtaalamu wa majengo, ilhali kazi yangu pale kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ilikuwa kupokea simu za watu waliopasukiwa na bomba. Mama yake Zuhura, magoti yalimkatalia ngazi, akabaki chini kwenye chumba cha chai. Sisi watatu tukapanda hadi chini ya paa, nami nahutubia tu, hii kenchi, hii boriti, hapa wameunga bila msumari, Mzee anaitikia "Enhe," na kichwa changu kinazidi kuvimba.

Mbele palikuwa na kamba, na nyuma yake mbao za sakafu zimetolewa ili watu waone fito na chokaa za dari la chini.

"Usivuke hapo," Zuhura akasema.

Nikamwambia fito nimezijua tangu mtoto, nikavuka nimuoneshe baba yake ufundi. Sikumaliza hata sentensi. Mguu wa kulia ukazama mpaka pajani, ukaning'inia chumba cha chai juu ya vichwa vya watu, kiatu kikaangukia keki ya mtu, na soksi ina tundu, kidole gumba kinachungulia.

Nikamsikia mama yake Zuhura kutoka chini, taratibu kabisa: "Zuhura, mguu huu ndio unaotaka kuolewa nao?"

Yule bibi wa mlangoni akaja kuniuliza kama nimeumia, kwa upole ule wa Kiingereza unaokata kuliko matusi, akaongeza kwamba dari lile lilisalimika hata wakati wa mabomu ya vita. Mzee Khamis akanishika makwapani akanivuta, na tulipokaa kwenye treni akaniuliza:

"Kijana, kazi yako hasa ni nini?"

"Napokea simu, mzee."

"Hiyo ni kazi ya heshima. Ulikuwa unaificha ya nini?"

Posa waliikubali, baada ya kunisotesha vya kutosha, na hadi leo mama mkwe akinitambulisha kwa wageni husema huyu ndiye mkwe aliyenishukia kutoka juu. Nami niliapa: nikiingia nyumba ya watu, ya udongo au ya zege, namwacha mwenyeji atangulie, na mguu wangu nauweka pale alipoinua wake.