Kiboko Aliyepanda Bustanini

Mwaka ule magugumaji yalifunika ghuba yetu hata ukadhani mtu angeweza kuvuka ziwa kwa miguu. Mume wangu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, akaenda Nairobi kutafuta kibarua. Mimi nilibaki mtaani Nyalenda, katika chumba kimoja, na watoto wetu wawili: mvulana wa miaka mitano, na msichana ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia. Mama mkwe wangu alitoka mashambani akaja kukaa nasi. Alisema amekuja kunisaidia watoto, lakini nadhani alikuja kuona kama nitavumilia.

Nilikuwa sivumilii. Barua za mume wangu zilikuwa zimekatika. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilitoka kwenda bombani, nikifika kwenye foleni natamani kurudi nyumbani, nikirudi natamani kutoka tena. Watoto nao walikuwa wameambukizwa ugonjwa huo. Walipigana kutoka mlangoni hadi kitandani mpaka jirani akagonga ukuta.

Ndiyo maana Jumapili, tukitoka kanisani, nilikuwa nawapeleka kwenye bustani ya zamani kule Milimani. Wazungu waliitengeneza enzi za reli, wakapanda mijakaranda na kuzungushia njia kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Katikati kulikuwa na jukwaa la saruji ambapo bendi ilikuwa ikipiga. Siku zetu mbuzi ndio waliolala pale. Bembea ilikuwa imebaki na mnyororo mmoja, na watoto walining'inia hapo kwa zamu wakipiga mayowe.

Jumapili moja mama mkwe alikubali kufuatana nasi. Tulipofika nilimtandikia leso kwenye nyasi.

"Mama, keti upumzike."

"Keti wewe," akanijibu. "Mimi hapa nimezoea kutembea."

Akaanza kuizunguka bustani kwa ile njia ya mawe, mikono nyuma. Alipopita mbele yangu mara ya pili ndipo akaniambia, bila kusimama, kwamba alipokuwa msichana alikuwa yaya katika nyumba moja ya barabara ya juu. Mwafrika hakuingia bustani hii ila akiwa anasukuma kigari cha mtoto wa Mzungu. Na yaya hakuketi. Memsahibu alikuwa na kiti barazani, akimwona yaya ameketi anatuma mpishi kuja kumwinua.

"Memsahibu ameshaenda, Mama," nikamwambia.

"Najua ameenda. Miguu ndiyo haijui."

Alipoendelea na mzunguko wake nikajikuta na mimi nimesimama. Nilimwangalia mtu aliyeingia langoni amebeba mkoba, moyo ukaruka, kisha nikaona si mume wangu. Msichana wangu alikuwa miguuni pangu anakula udongo. Nikamfuta mdomo. Nilipoinua kichwa kumwangalia kaka yake pale kwenye bembea, mnyororo ulikuwa unayumba peke yake.

Niliita. Nikaenda nyuma ya jukwaa, nikawafukuza mbuzi, nikaita tena. Mama mkwe alisikia sauti yangu imebadilika, akaacha njia akaja moja kwa moja.

"Alikuwa wapi?"

"Hapa! Sasa hivi tu!"

Hakunilaumu. Alimchukua msichana, akamfunga mgongoni kwa ile leso, akatazama upande wa chini ambako bustani inateremka hadi ziwani. Ua wa waya wa upande ule ulikuwa umelala zamani. Tuliteremka haraka, mimi mbele. Tulipofika mwisho wa mijakaranda akanishika mkono kwa nguvu.

"Nyamaza," akasema. "Sikia."

Nikasikia kitu kama mtu anayerarua gunia, akitulia, kisha akirarua tena.

Kiboko alikuwa anakula nyasi. Viboko wetu hutoka majini giza likishaingia, lakini mwaka ule, kwa ajili ya magugumaji yale, hata wao walikuwa wamepoteza mpango wao. Alikuwa mkubwa kuliko gari la mkate, ngozi yake bado inadondoka maji. Upande wa pili wake, kati yake na ziwa, alikuwa amesimama mwanangu, na viatu vyake vya kanisani, anamtazama.

Kila aliyekulia ufuoni anajua jambo hili: usimzibie kiboko njia ya maji. Nilifungua mdomo nipige kelele. Mama mkwe akauziba kwa kiganja chake. Kilikuwa kinanuka sabuni ya kipande.

Kisha akaongea. Kama mabibi wengi wa Kiluo alikuwa akimwita mjukuu wake mume, na ndivyo alivyomwita wakati huo, kwa sauti ya chini, ya mtu anayemwita mwenziwe mezani.

"Mume wangu. Njoo tule. Usikimbie. Pitia kule kwenye mawe, uje pole pole."

Mtoto aligeuka akatuona. Nilidhani atacheka, au atakimbia, kwani maisha yake yote hakuwahi kutembea, ni kukimbia tu. Lakini alitembea. Alizunguka kwa mbali akifuata mawe, na kiboko akainua kichwa, masikio yakitikisika. Bibi hakukatiza maneno. Alikuwa anataja chakula: kuna samaki, kuna ugali, kuna chai ya maziwa. Nyumbani hatukuwa na samaki.

Alipofika nikamnyakua. Nyuma yetu yule mnyama aligeuka, akateremka kwa kishindo kilichonitetemesha nyayo, akapasua magugumaji akapotea. Njia aliyopita ilikuwa pale pale mwanangu alipokuwa amesimama.

Nilimchapa mtoto, kisha nikamkumbatia, kisha nikataka kumchapa tena.

"Mwache," akasema mama mkwe. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na msichana mgongoni alidhani ni mchezo, akawa anacheka. "Mwache, ametii. Sasa nishike mimi, nisije nikaanguka."

Tulipanda kilima tumeshikana. Jioni hiyo aliazima samaki kwa jirani, kwa sababu, alisema, mtoto hawezi kuitwa kwa uongo halafu siku nyingine aitike.

Mume wangu alirudi kabla ya mvua, amekonda, bila kazi. Mama yake hakumweleza habari ya kiboko wala mimi sikumweleza. Mtoto ndiye aliyemweleza, na baba yake hakumwamini. Jumapili iliyofuata tulikwenda bustanini sote. Nilimshika mwanangu kifundo cha mkono kutoka langoni mpaka tulipotoka, na kila mara aliniambia, "Mama, unaniumiza," nami kila mara nililegeza kidogo, kisha nikakaza.